Upande wa Kulia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na za wifi yako, ambaye ameshasimama mlangoni mara tatu kuniuliza ninaandika nini tangu asubuhi. Nimemwambia ninakuandikia wewe, akasema basi nisisahau kumsalimia kwako. Amekusalimia. Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mgongo wangu haujaacha kuniuma kwa kule kuinama kwenye lenzi kutwa nzima, na macho nayo yameanza kunidai likizo, lakini ninakwenda kazini na ninarudi. Je, wewe? Kifua kimetulia? Ile dawa ya maji uliyopewa hospitali unaimeza, au unaificha nyuma ya masufuria kama ulivyokuwa ukimfanyia mama? Na wapwa zangu hawajambo? Nimesikitika sana kusoma kwamba yule binti mdogo amekataa kurudi shuleni kwa sababu ya maneno ya wenzake. Mwambie mjomba wake anamkumbuka, na kwamba barua hii ni yake pia, utakapoona wakati unafaa.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena, na tangu siku hiyo iko katika mfuko wa koti langu la kazi. Umeniuliza mambo mawili tu. La kwanza, kama ni kweli marehemu shemeji alikuwa mtu asiyejua kulia kwake na kushoto kwake, kama watu wanavyomcheka kaburini. La pili, kama ninamjua aliyemwandikia ile barua ya ukuta wa kanisa, maana ilikuwa imepigwa chapa, naye mume wako hakuwa na mashine, na ungempata mtu huyo ungependa umuulize swali moja. Nimekawia kukujibu si kwa uvivu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Leo nimepiga moyo konde, lakini nivumilie, maana nitaanzia mbali kidogo.

Unajua ninachonga sarafu, ila sidhani kama niliwahi kukueleza zinavyofanywa, kwa sababu kila nikianza unapiga miayo. Safari hii usipige. Sarafu haichongwi yenyewe, hugongwa. Kipande cha madini kilicho kitupu huwekwa kwenye mashine, na muhuri wa chuma kigumu hukishukia kwa kishindo na kukiachia picha. Sasa ili picha itoke sawa kwenye sarafu, lazima kwenye muhuri ikae kinyume. Herufi zinaanzia upande usio wake. Ndege anayetazama huku, kwenye muhuri anatazama kule. Kabla ya muhuri kuna modeli ya plasta, pana kama sinia, na hapo ndipo mimi ninaposhinda, nikichonga kila kitu katika upande wake wa uongo. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Ndiyo sababu wenzangu waliniita Kioo, na wewe uliposikia jina hilo ulicheka hadi ukashika mbavu.

Ulikuwa na haki ya kucheka. Wewe ndiye uliyenifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono nilipoanza darasa la kwanza, kwa kuwa nilikuwa naandika jina langu kuanzia mwisho. Ulinieleza kuwa mkono wenye uzi ndio mkono wa kulia, yaani ule wa kulia chakula, na uliobaki ni wa kushoto, basi, hakuna hesabu ngumu hapo. Nilipokosea na kuanza kutoa machozi uliniambia huo si mkono wa kulia kilio. Uzi ulikatika baada ya wiki chache, na nikafikiri nimeshajifunza. Hadi leo wifi yako haniruhusu kumwelekeza dereva njia. Anasema nikisema kata huku, akate kule, na watafika salama.

Mwaka juzi mkurugenzi wetu alituita akatueleza kwamba zitatolewa sarafu za kumbukumbu za majengo ya kale ya ibada, msikiti, hekalu na kanisa. Kanisa lilikuwa lenu, lile la mawe, alilokuwa akilitunza shemeji tangu aache uashi. Niliiomba kazi hiyo kama mtoto anavyoomba peremende. Nikaahidiwa jambo ambalo sikuwahi kuahidiwa katika maisha yangu yote ya kazi, kwamba safari hii mchongaji ataruhusiwa kutia herufi za kwanza za jina lake chini ya kizingiti cha mlango, ndogo kama chembe za mchanga, lakini ziwepo. Wewe hujui kiwanda. Sisi ni watu wasio na majina. Watu wanabeba kazi zetu mifukoni na hawajui kama kuna mtu aliyezifanya.

Unakumbuka nilivyokuja kwenu na kamera na kamba ya kupimia. Shemeji alinishikia ncha ya kamba kutwa nzima na kunitania kwamba nimekuja kulipima kanisa lake suti. Ni yeye aliyenionyesha ufa. Ulikuwa kwenye ukuta wa kushoto ukiingia kwa mlango mkubwa, ukianzia chini ya dirisha la pili na kushuka kama mshipa hadi karibu na sakafu, ukionekana ndani na nje. Kwa mikono yake ya uashi aliubandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, mguu mmoja wa kioo huku na mwingine kule, akanieleza kuwa mawe hayana mdomo, ila kioo kikivunjika ujue ukuta umetembea. Akacheka, akasema sasa kanisa lina vioo viwili, hicho na mimi. Nilipiga picha zote, na ufa ukiwemo.

Niliporudi nilichonga kila kitu nilichokiona, hadi ufa, kwa sababu uso wa jengo kuukuu bila ufa ni uso wa mzee aliyepakwa poda. Tukagonga sarafu chache za majaribio. Mkurugenzi alipoiweka moja chini ya lenzi alinuna. Aliniambia kwa upole kwamba sarafu ya kumbukumbu si ripoti ya mafundi, na kwamba niuzibe ufa huo kwenye plasta kabla hatujaendelea. Sikubishana. Ni kazi ya nusu saa, kijiko kimoja cha plasta na kisu. Za majaribio zikakusanywa ziyeyushwe, ila moja nilibaki nayo. Nilijiambia ninaiweka kwa ajili ya shemeji, siku tutakapokutana tucheke.

Wakati huohuo kamati ya kanisa nayo ilikuwa inajiandaa kwa siku ya kuzindua sarafu. Waliwaleta watu wa rangi, kuta zote mbili zikapigwa lipu nyembamba na kupakwa chokaa nyeupe pee, ndani na nje, ndani ya siku nne. Ufa ukafunikwa. Uliniandikia wakati ule kwamba kanisa linang'aa hadi linaumiza macho na kwamba mume wako haonekani kuifurahia kazi hiyo, ukadhani ameudhika kwa kuwa hakuombwa ushauri. Hakuudhika kwa hilo, dada.

Mengine unayajua kuliko mimi. Idara ya majengo ilipokea barua yenye sahihi yake, ikamtuma mhandisi na vijana wake. Walikuja siku ile ile shemeji alipokuwa amekupeleka hospitali kwa ajili ya kifua, kwa hiyo hawakumkuta wa kuwaonyesha. Wakakuta kuta mbili nyeupe zisizo na alama. Wakaisoma barua, wakaweka mihimili ya chuma kwenye ukuta wa kulia, kama barua ilivyosema, wakaenda zao. Jumamosi asubuhi, saa tatu, ukuta wa kushoto ukaanguka. Shemeji akafa papo hapo, na yule mama wa kupanga viti akafa njiani kwenda hospitali. Shemeji alikutwa na boriti tatu za miti alizokuwa akiegemeza ukuta peke yake. Tume ya uchunguzi ikakaa miezi mitano, kisha ikasoma uamuzi wake mbele ya waumini wote na wewe ukiwa umeketi benchi la nyuma. Walisema mtunzaji alitaja upande usio na hitilafu, kisha yeye mwenyewe, kwa kukosa utaalamu, akautikisa ukuta mzima kwa boriti zake na kuuangusha. Uliniandikia kwamba tangu siku hiyo mabinti wa yule mama wakikuona wanavuka barabara. Kwamba umeacha kwenda ibada. Kwamba watoto wanamwita binti yako mtoto wa aliyebomoa nyumba ya Mungu.

Nami siku ya mazishi nilikuja, nikabeba jeneza upande wa mbele, na wewe ukaniegemea begani ukasema umebakiwa na mimi tu. Nilikuitikia. Sijui nilipata wapi ulimi wa kukuitikia.

Dada, aliyeiandika ile barua ni mimi.

Wiki moja baada ya lipu kupakwa, na mvua ile kubwa ikiwa imeshanyesha, alikuja kiwandani. Kwako aliaga kwamba anakwenda kununua brashi, kwa kuwa ulishamkataza kunisumbua na mambo ya kanisa, naye hakutaka kelele. Mlinzi alimruhusu kuingia hadi mezani kwangu. Akafungua leso na kunionyesha vipande viwili vya kioo. Kabla ya watu wa rangi kufika alikikuta kimekatika katikati, akakibandua na kukihifadhi. Alipiga hodi kwa mwenyekiti wa kamati, akaambiwa angoje sherehe ipite. Kwa hiyo aliona aandike moja kwa moja kwa idara, na kwa kuwa mwandiko wake ni wa kupigia mahesabu ya matofali, alitaka nimwandikie mimi kwa lugha ya watu wa ofisini. Aliniambia ni ukuta wa kushoto ukiingia. Alisema kushoto, dada. Alisema hivyo wazi, na kwa mkono wake wa kushoto akanionyesha.

Nikaivuta mashine, nikaanza kupiga. Nilipofika mahali pa kueleza ufa ulipo, nilitaka nieleze kwa usahihi kama ilivyo kawaida yangu, dirisha la ngapi, urefu gani kutoka sakafuni. Kwa hiyo nikainua macho kuutazama. Na mbele yangu ilikuwa ile modeli ya plasta, siku hiyo ufa ulikuwa bado sijauziba. Kwenye plasta kila kitu kimekaa kinyume. Nikaandika, ukuta wa kulia ukiingia kwa mlango mkubwa, chini ya dirisha la pili. Dirisha ni sahihi. Vipimo ni sahihi. Heshima na mikato yote iko mahali pake. Neno moja tu, ambalo wewe ulinifundisha kwa uzi.

Nilimpa asome. Miwani yake aliiacha nyumbani. Akaniambia nikishaandika mimi yeye hana haja ya kusoma, akatia sahihi, akanishika mkono, akaondoka na bahasha. Jioni hiyohiyo, kabla ya kufunga meza, nikachukua kijiko na kisu nikauziba ufa kwenye plasta kama nilivyoagizwa.

Kama ingekuwa imeishia hapo, dada, ningekuandikia siku ya pili ya msiba na kukulilia kwamba nimekosea. Watu hukosea. Lakini haikuishia hapo, na hili ndilo lililonifunga mdomo kwa miezi minane.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ukuta kuanguka, alinipigia simu kazini. Aliporudi na wewe kutoka hospitali aliikuta mihimili kwenye ukuta usio na ufa. Akamfuata msimamizi wa vijana wale, naye akamwonyesha barua, akamwambia hii si sahihi yako, mzee? Imeandikwa kulia. Akaenda kunipigia. Hakufoka. Aliniuliza tu, shemeji, mbona tumeandika kulia? Alisema tumeandika. Hakusema umeandika. Nikainua macho kwenye plasta na nikaelewa papo hapo kwamba nilikuwa nimeandika upande wa plasta.

Ningeweza kupiga simu idara dakika ile. Namba ilikuwa juu ya meza. Lakini Ijumaa mkurugenzi alikuwa anakuja kuukagua muhuri na kuidhinisha zile herufi zangu mbili chini ya kizingiti. Niliona picha yote kichwani, kwamba mchongaji wa sarafu ya kanisa ndiye anayeandikia watu barua, kwa mashine ya kiwanda, kwamba kanisa hilo linaanguka, na tena ameandika uongo. Niliona kazi ikipewa mtu mwingine. Nikamwambia shemeji asiwe na wasiwasi, wataalamu wana mpango wao, na kwamba Jumatatu nitapiga simu mimi mwenyewe nirekebishe. Yeye akasema sawa, mpaka Jumatatu ataangalia atafanya nini na boriti alizonazo. Akaniuliza hali ya mgongo. Ijumaa herufi zangu zikaidhinishwa, na nikapewa mkono. Jumamosi unaijua.

Kwa hiyo hayo ndiyo majibu yako. Mume wako alijua kulia kwake na kushoto kwake hadi dakika yake ya mwisho. Aliegemeza boriti kwenye ukuta uliokuwa unaanguka kweli, peke yake, kwa kuwa mimi nilimwambia angoje. Ukuta ule haukuangushwa na boriti zake. Na mtu uliyetaka kumuuliza swali moja ni mdogo wako. Uliza. Nitakujibu kwa mdomo wangu, mbele ya yeyote utakayetaka awepo.

Pamoja na barua hii nimeandika nyingine kwa tume na kwa idara, yenye haya yote, na nakala nilimpelekea mkurugenzi mezani kwake jana jioni. Zilizobaki nitazitia posta siku moja na hii, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Safari hii nilimpa wifi yako azisome kwanza zile za ofisini, neno kwa neno, huku akiwa amenyoosha kidole upande unaotajwa. Ndivyo alivyojua. Hajanisemesha tangu alipomaliza, isipokuwa kuniuliza ninaandika nini, na hilo la kukusalimia. Nitakachofanywa ni juu yao. Nimewaomba jambo moja, kwamba masahihisho yasomwe palepale uamuzi uliposomwa, mbele ya watu walewale, na kwamba mabinti wa marehemu mama wa viti waambiwe wawepo. Nami nitakuwepo, wakiniruhusu.

Sikuombi unisamehe. Ningekuomba, ungeanza kunifikiria mimi, na zamu hii si yangu.

Ndani ya bahasha utaona kitambaa, na ndani ya kitambaa ile sarafu ya majaribio niliyoificha. Iliyouzwa kwa watu ina kanisa lenye ukuta laini na herufi zangu mbili chini ya mlango. Hii haina jina la mtu, ina ufa tu. Mwite binti yako, mpe aishike mkononi, picha imtazame, na mwambie atafute dirisha la pili. Asiigeuze, wala asiipeleke kwenye kioo. Sarafu ikishagongwa huwa imekaa sawa. Atauona ufa upande wa kushoto, pale pale baba yake aliposema.

Nisalimie wapwa zangu wote, na kaburi la shemeji ukipita. Meza dawa yako.

Mimi mdogo wako, uliyenifunga uzi,

Kioo